Bendera ya Vita ya Kusini mwa Marekani: Urithi wa Nani?

Kila tabaka linalotawala hutaka historia yake ihesabiwe kuwa historia ya umma mzima. Likifanikiwa katika hilo limekwisha kumaliza nusu ya kazi ya kutawala, maana mnyonge atakuwa tayari kuililia hasara ya bwana wake kana kwamba ni hasara yake mwenyewe. Katika makala hii tunakusudia kulichambua jambo hilo kwa mfano mmoja: ile bendera nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyota 13 nyeupe, iliyopeperushwa na majeshi ya Majimbo ya Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865.

Bendera hiyo imebishaniwa huko Marekani kwa miongo mingi. Upande mmoja unasema kuwa ni alama ya urithi, kumbukumbu ya mababu waliokufa vitani, na kwamba kuiteremsha ni kuwapokonya watu asili yao. Upande wa pili unasema kuwa ni alama ya ubaguzi wa rangi, wala haina jambo jingine. Kijana wetu aliye chuoni anaweza kutuuliza: je, sisi Waafrika, ambao utamaduni wetu ulidharauliwa na wakoloni, tunapata wapi haki ya kuwanyima wengine utamaduni wao? Swali hilo si la kipuuzi. Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini kabla ya kulijibu ni lazima tuulize: asili ipi, ya nani, na imehifadhiwa ili ifanye kazi gani?

MSINGI WAKE NI PAMBA

Hatuwezi kuielewa bendera kwa kuzitazama rangi zake tu. Tuanze na uchumi uliokuwa chini yake. Mwaka 1860 Majimbo ya Kusini yalikuwa na watumwa Weusi karibu milioni 4. Katika majimbo ya South Carolina na Mississippi watumwa walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wote. Jasho lao ndilo lililotoa pamba, na pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani iliziuza nchi za nje. Pamba hiyo ililisha viwanda vya Uingereza, na ililisha pia viwanda vya Massachusetts, huko huko Kaskazini. Kwa hiyo bepari wa Kaskazini alikula katika sahani ile ile ya kabaila wa Kusini, ingawa yeye alinawa mikono kwanza.

Jambo hili halikuwa mbali na pwani yetu. Baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar vitambaa vya pamba na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Wazee wetu walikiita kitambaa hicho merikani, na jina hilo limebaki katika lugha yetu. Merikani ilikwenda na misafara hadi Tabora na Ujiji. Ilikuwa ndiyo fedha ya njiani: ilinunua chakula, ilinunua pembe, na ilinunua hata watu. Vita vilipoanza mwaka 1861 na pamba ya Kusini ikakatika, merikani iliadimika, na vitambaa vya Uingereza na vya India vikachukua nafasi yake. Basi pamba iliyochumwa na mtumwa wa Kusini mwa Marekani ilimvika mtu wa Bara, na wakati mwingine ilimnunua. Uzi ulikuwa mmoja.

South Carolina ilijitenga na Muungano wa Marekani tarehe 20 Desemba, 1860, na majimbo mengine 10 yakafuata. Yalijitenga kwa ajili ya nini? Hatuna haja ya kubahatisha, maana wenyewe walisema. Tamko la South Carolina lililalamika kuwa majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Tamko la Mississippi lilieleza wazi kwamba msimamo wa jimbo hilo umefungamana kabisa na utumwa. Tarehe 21 Machi, 1861, mjini Savannah, Makamu wa Rais wa Shirikisho la Kusini, Alexander Stephens, alitangaza hadharani kwamba jiwe la msingi la serikali yao mpya ni imani kuwa Mtu Mweusi si sawa na Mzungu, na kwamba utumwa ndiyo hali inayomstahili.

BENDERA INAZALIWA

Bendera ya kwanza ya Shirikisho, iliyotolewa Machi 1861, ilifanana mno na ile ya Muungano. Katika mapigano ya Manassas, tarehe 21 Julai, 1861, katikati ya moshi na vumbi, askari walishindwa kutofautisha rafiki na adui. Majenerali wakataka bendera nyingine ya kutumia vitani. Mchoro uliochukuliwa ulikuwa wa William Porcher Miles, mbunge kutoka South Carolina na mtetezi mkubwa wa utumwa. Ndiyo hii tunayoizungumzia, na jeshi lililoitumia kwanza lilikuwa lile la Kaskazini ya Virginia, ambalo baadaye liliongozwa na Jenerali Robert E. Lee.

Watetezi wake husema kuwa hii haikuwa bendera ya serikali bali ya askari tu, kwa hiyo haihusiani na siasa ya utumwa. Hoja hiyo haisimami. Kwanza, mwezi Mei 1863 Shirikisho liliichukua bendera hiyo ya vita na kuiweka katika pembe ya bendera mpya ya taifa, iliyokuwa na uwanja mweupe. Mhariri wa gazeti mjini Savannah, William T. Thompson, aliyeipigia debe bendera hiyo mpya, aliandika kuwa weupe wake ni alama ya ukuu wa Mzungu. Pili, jeshi hubeba siasa ya dola yake kila linapokwenda. Jeshi la Lee lilipoivamia Pennsylvania mwaka 1863, liliwakamata Weusi waliokuwa huru pamoja na waliotoroka, likawaswaga kwenda Kusini kuwa watumwa. Tarehe 30 Julai, 1864, huko Petersburg, askari Weusi waliokwisha kusalimu amri waliuawa. Mtu aliyetekwa namna hiyo hakuhitaji mhadhiri wa kumfafanulia maana ya bendera aliyoiona.

VITA VYA NANI?

Hapa ndipo penye fundisho kubwa kwa kada. Katika majimbo yaliyojitenga, familia nyingi za Wazungu, kiasi cha mbili katika kila tatu, hazikuwa na mtumwa hata mmoja. Wengi walikuwa wakulima wadogo. Aprili 1862 Shirikisho lilitunga sheria ya kuwaingiza watu jeshini kwa lazima. Oktoba mwaka huo huo likatunga nyingine, iliyomwachia Mzungu mmoja abaki nyumbani katika shamba lenye watumwa 20 au zaidi, ili awasimamie. Maskini akaenda mstari wa mbele; mwana wa kabaila akabaki akilinda mali. Wanyonge wenyewe walilitambua jambo hilo, wakawa wanasema kuwa vita ni vya tajiri lakini mapigano ni ya maskini.

Wala hawakuishia kusema. Katika Wilaya ya Jones, Mississippi, wakulima maskini wakiongozwa na Newton Knight walitoroka jeshi la Shirikisho mwaka 1863 wakachukua silaha dhidi yake. Watu wa milimani magharibi mwa Virginia walikataa kujitenga, wakaunda jimbo lao la West Virginia mwaka huo huo. Inakadiriwa kuwa Wazungu kama 100,000 kutoka majimbo yaliyojitenga walijiunga na jeshi la Muungano.

Na watumwa je? W.E.B. Du Bois, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu kipindi hicho, alionyesha kuwa watumwa walioacha mashamba na kukimbilia majeshi ya Muungano walifanya mgomo mkuu wa wafanyakazi. Inakadiriwa kuwa walifika nusu milioni. Weusi karibu 180,000 walivaa sare za jeshi la Muungano. Serikali ya Lincoln haikuanza vita ili kukomesha utumwa. Ilianza ili kuulinda Muungano. Watumwa wenyewe, kwa miguu yao na kwa bunduki zao, ndio walioisukuma hadi ikageuza vita hivyo kuwa vita vya ukombozi.

BENDERA INAFUFULIWA

Lee alisalimu amri tarehe 9 Aprili, 1865. Kama bendera hii ingekuwa kumbukumbu ya marehemu tu, ingebaki makaburini na katika nyumba za makumbusho. Lakini tutazame ni lini ilitolewa sandukuni, na nani aliyeitoa.

Baada ya mwaka 1877 majeshi ya Muungano yalipoacha kuzilinda serikali za kidemokrasia za Kusini, makabaila walirudi madarakani. Mississippi ilitunga katiba mwaka 1890 iliyomnyima Mweusi kura kwa hila ya kodi na mtihani wa kusoma. Miaka minne baadaye, mwaka 1894, ikaweka alama ya bendera ya vita katika bendera ya jimbo. Mwaka huo huo ukaanzishwa Umoja wa Mabinti wa Shirikisho, ambao kwa miongo mingi ulijenga sanamu na kuchunguza vitabu vya shule ili watoto wafundishwe kuwa vita havikuhusu utumwa. Hii ni kasumba iliyopikwa kwa utaratibu, tena kwa subira.

Mwaka 1948 Rais Truman alipopendekeza haki za raia kwa Weusi, wanasiasa wa Kusini walikutana Birmingham, wakaunda chama chao na kumsimamisha Strom Thurmond kugombea urais. Bendera ya vita ikapepea mkutanoni. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa shule za kibaguzi zinavunja Katiba. Februari 1956 Georgia ikabadili bendera yake na kuingiza alama hiyo. Mwaka 1962 kijana Mweusi, James Meredith, alipokwenda kuandikishwa katika Chuo Kikuu cha Mississippi, wafanya ghasia waliipeperusha, na watu wawili waliuawa. Aprili 1963 Gavana George Wallace aliipandisha juu ya Bunge la Alabama wakati Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Marekani alipokwenda kuzungumza naye juu ya kukomesha ubaguzi katika shule. South Carolina iliipandisha juu ya Bunge lake mwaka 1961, kwa kisingizio cha kuadhimisha miaka 100 ya vita. Maadhimisho yalikwisha, lakini bendera ikabaki juu ya kuba hadi mwaka 2000, ilipohamishiwa uwanjani, mbele ya jengo hilo hilo.

Tunaona basi kwamba kila Mweusi aliposogea hatua moja mbele, bendera ilipanda mlingoti. Marehemu waliokufa mwaka 1863 hawakuwa na haja ya bendera mwaka 1956. Walioihitaji ni walio hai.

HOJA ZA WATETEZI

Adui mpe haki yake. Wapo watu wengi wa kawaida wanaoishika bendera hii bila nia ya kumdhuru mtu, wakimkumbuka babu wa babu aliyezikwa mbali na kwao. Huzuni yao ni ya kweli. Mtoto ana haki ya kulitunza kaburi la mzazi wake, hata kama mzazi alipigania dhuluma. Lakini kaburi si Bunge. Bendera inayopandishwa juu ya jengo la dola haitangazi huzuni ya mtu binafsi. Inatangaza mwenye dola ni nani. Na raia Mweusi anayelipa kodi chini ya mlingoti huo anaambiwa kila asubuhi kuwa si yeye.

Hoja ya pili ni haki za majimbo. Husemwa kuwa Kusini kulitetea haki ya kila jimbo kujiamulia mambo yake. Lakini mwaka 1850 ni makabaila hao hao waliotaka sheria ya serikali kuu iyalazimishe majimbo ya Kaskazini kuwarudisha watoro, yapende yasipende. Na Katiba waliyoitunga mwaka 1861 ililikataza Bunge lao kutunga sheria yoyote ya kuondoa umiliki wa watumwa, na ikampa bwana haki ya kwenda na watumwa wake katika jimbo lolote la Shirikisho. Uhuru wa jimbo uliishia pale mali ya bwana ilipoanzia.

Hoja ya tatu ni kwamba bendera ina maana nyingi, na kila mtu aichukue yake. Hii tuijibu kwa tukio la tarehe 17 Juni, 2015. Usiku huo, mjini Charleston, South Carolina, kijana wa Kizungu aliingia katika kanisa la Emanuel, akaketi na waumini Weusi waliokuwa wakisoma Biblia, kisha akawaua tisa kwa risasi. Mmoja wao alikuwa mchungaji wao, Clementa Pinckney, ambaye pia alikuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo. Muuaji alikuwa amejipiga picha akiwa na bendera ya vita ya Kusini. Katika picha nyingine alivaa koti lenye bendera mbili: ya Afrika Kusini ya makaburu, na ya Rhodesia.

Kijana huyo hakuwa na babu aliyezikwa Rhodesia. Utawala wa walowezi huko ulikwisha mwaka 1980, kabla yeye hajazaliwa. Hakuna urithi wa damu unaoeleza kwa nini alizichagua bendera hizo. Alizichagua kwa sababu alisoma katika vitambaa vyote vitatu neno lile lile. Sisi wa nchi hii, ambayo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963 hadi kazi yake ilipokamilika mwaka 1994, tunaifahamu lugha hiyo. Huko Afrika Kusini, Mahakama ya Usawa iliamua mwaka 2019 kuwa kuipeperusha ovyo bendera ya makaburu ni tendo la chuki na ubaguzi.

Baada ya mauaji ya Charleston, bendera ya Marekani na ile ya jimbo zilishushwa nusu mlingoti. Bendera ya vita ilibaki juu kabisa, kwa sababu sheria iliitaka ridhaa ya Bunge. Tarehe 27 Juni mwanamke Mweusi, Bree Newsome, aliupanda mlingoti akaiteremsha kwa mikono yake. Alikamatwa, na bendera ikarudishwa siku hiyo hiyo. Tarehe 10 Julai, 2015, Bunge likiwa limekwisha kupiga kura, iliteremshwa rasmi na kupelekwa makumbusho. Mississippi nayo iliiondoa alama hiyo katika bendera yake Juni 2020, baada ya maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd.

URITHI MWINGINE WA KUSINI

Watu husema "urithi wa Kusini" kana kwamba Kusini kulikuwa na Wazungu tu, na Wazungu wenyewe walikuwa makabaila watupu. Huu ndio wizi mkubwa kuliko wote. Mtumwa aliyelima Kusini ni mtu wa Kusini. Mkulima wa Jones aliyekataa kufa kwa ajili ya mashamba ya wengine ni mtu wa Kusini.

Tumchukue Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa meli iitwayo Planter katika bandari ya Charleston. Alfajiri ya tarehe 13 Mei, 1862, maofisa Wazungu wakiwa wamelala mjini, yeye na wenzake waliing'oa nanga, wakazichukua familia zao, wakapita mbele ya ngome za Shirikisho huku bendera ya Shirikisho ikipepea na ishara zote zikipigwa sawasawa. Walipotoka nje ya mizinga ya ngome, waliiteremsha bendera hiyo wakapandisha shuka jeupe la kitandani, na kuikabidhi meli kwa Muungano. Baadaye Smalls alishiriki kutunga Katiba ya South Carolina ya mwaka 1868 iliyoweka elimu ya umma kwa watoto wote, akawa mjumbe katika Bunge la Marekani. Huo nao ni urithi wa Kusini. Kwa nini lile shuka halikupandishwa juu ya Bunge la South Carolina? Kwa sababu waliotawala huko hawakuwa warithi wa Smalls.

FUNDISHO KWETU

Tunaweza sasa kulijibu swali tulilolianzia. Kuuliza kama bendera hii ni urithi au ni ubaguzi ni kuuliza vibaya, maana urithi na ubaguzi si vitu viwili vinavyopingana. Ni urithi kweli: urithi wa tabaka la wenye watumwa, na ubaguzi ndiyo mali iliyomo ndani ya sanduku hilo. Kutokana na hayo tunapata mambo matatu.

Kwanza, bendera ilitumika kumlipa Mzungu maskini kwa fedha isiyonunua kitu. Kodi ya kura iliyomnyima Mweusi haki yake ilimnyima pia Mzungu fukara. Mwaka 1946 vyama vya wafanyakazi vilipoanza kampeni ya kuwaunganisha wafanyakazi wa Kusini, Weusi kwa Wazungu, matajiri waliivunja kwa kuchochea hofu ya rangi. Mfanyakazi aliambiwa ajivunie rangi yake, kisha akarudi nyumbani na ujira mdogo. Kada asimtukane mtu huyo. Kazi ya kada ni kumwonyesha nani anayekula jasho lake wakati macho yake yako mlingotini.

Pili, kuteremsha bendera si kuung'oa mfumo. Mwaka 1925 maelfu ya wafuasi wa Ku Klux Klan waliandamana mjini Washington wakiwa wamebeba bendera ya Marekani yenyewe. Na tarehe 6 Januari, 2021, bendera ya vita ya Kusini ilipitishwa ndani ya jengo la Bunge la Marekani, mahali ambapo jeshi la Lee halikuwahi kufika. Ubaguzi una mizizi katika ardhi, katika ujira na katika shule. Anayeridhika na kuona mlingoti mtupu ameshinda nusu ya pambano.

Tatu, kipimo hiki tujipime nacho wenyewe. Misafara iliyobeba merikani ilikuwa na wenye misafara, wapagazi na mateka, na wote ni wazee wetu. Tunapojenga makumbusho, tunapoandika vitabu vya shule, tunapowafundisha vijana "mila na desturi zetu", ni lazima tuulize mila hizo zilimfaa nani na zilimwumiza nani, mwanamke na mnyonge wakiwa wa kwanza kuulizwa. Kuchagua katika urithi si kuacha asili. Ni kukataa kurithishwa minyororo, iwe ya kufungwa au ya kufungia wengine.

Anayetaka kujua bendera inasema nini asimsikilize aliyeishika peke yake. Amsikilize pia aliyelazimika kukimbia alipoiona ikija.